Kwa Mwanangu Fundi Cherehani, Aliyeziba Dirisha Ili Bia Isipate Baridi

Mwaka umetimia leo, mwanangu, tangu ile alasiri ya mvua tulipokuita chai na wewe hukuitika.

Ulikuwa fundi cherehani, na watu walikupenda kwa sababu hukukimbilia mkasi. Mteja akija na gauni lisilomkaa, ulimwambia, "Leo napunguza kiuno tu. Ulivae tuone, ndipo tuguse mikono." Wakakuita Polepole. Ulicheka, ukaendelea kushona.

Bia yako nayo uliipika hivyo hivyo. Ulitaka ile nyepesi ya rangi ya asali, yenye uchungu kidogo mwishoni. Kila ukipika ulibadilisha kitu kimoja tu: mara kimea ukikaange zaidi kidogo, mara maua ya hopsi, yale yanayoipa bia uchungu, uyatie sufuria ikishaepuliwa, mara utafute hamira nyingine. Mimi sinywi, unajua. Ulikuwa unaniletea glasi, "Mama, wewe nusa tu, kunywa kuna wenyewe." Siku niliyosema inanukia maganda ya machungwa ulinikumbatia na povu lako mikononi. Jirani yetu kinyozi alikuwa anamaliza chupa nzima, anajifuta mdomo, anasema, "Fundi, hiyo tofauti bado sijaiona. Hebu leta nyingine nitafute vizuri." Mkeo akamwambia, "Wewe hata ukipewa maji ya kufulia utatafuta tofauti!"

Sasa nasema lile linaloninyima raha, na wanaosoma tangazo hili la kumbukumbu wasikie.

Baridi ilipoingia, hamira ikawa inalala. Ukaipeleka ndoo ya bia stoo, ukaifunika blanketi, haikutosha. Ndipo ukaingiza jiko la mkaa. Ukaziba dirisha kwa gunia, ukasokomeza vitambaa chini ya mlango. Nikakuuliza, mbona unajifungia kama mwizi? Ukanijibu, "Mama, safari hii nimebadilisha hopsi tu. Baridi ikipenya, nitajuaje ladha imebadilishwa na nini?"

Ukakaa humo kuangalia kipimajoto. Moshi haukuwepo. Mkaa ulikuwa umekolea, mwekundu, na sisi sote tulijua mkaa ukishakolea hauna neno. Mkeo alipousukuma mlango, ulikuwa umeegemea ukuta kama mtu anayesubiri zamu yake. Daktari ndiye aliyetueleza kwamba mkaa unatoa hewa ya sumu, haionekani wala hainuki, na mtu anasinzia tu, basi.

Hamu yako haikuondoka nawe. Mdogo wako amechukua sufuria. Nilimkataza, akasema, "Mama, kaka alibakiza kidogo sana kuipata ladha yake. Nikiacha, ni kama hakupika." Nikamwita seremala aung'oe mlango wa stoo. Akauliza auegemeze wapi, nikamwambia auchukue, aende nao kwake.

Hata hivyo situlii. Baridi imerudi. Nainuka kwenye kiti, naenda stoo, narudi, nakaa, naenda tena. Juzi nilikuta mdogo wako ametundika pazia pale palipokuwa na mlango.

"Mama, ni pazia tu, tena jepesi."

"Na kaka yako lilikuwa gunia tu."

Nikalishusha. Akaninunia, hata chakula cha mchana hakukaa nasi mezani. Na aninunie. Anayenuna anapumua. Bia ikichelewa, ichelewe. Ikiharibika, aimwage apike nyingine.

Nanyi mnaosoma, kama hapo mlipo kuna jiko la mkaa limewaka na chumba kimefungwa, iwe ni kwa ajili ya bia, au kumpasha mtoto joto, au kukausha nguo, liwekeni tangazo hili chini mkafungue kwanza. Sisi tutawasubiri.

Polepole wetu, unakumbukwa na mkeo, na binti yako anayependa kukalia kiti chako cha kazini, na dada zako, na kinyozi ambaye siku hizi hamalizi chupa, na mimi mama yako. Unakumbukwa na mdogo wako pia, ambaye namwombea kila nikipita stoo abaki miaka mingi huku kwetu, kwa wanaokumbuka.

Hatukusahau hata siku moja.