Kalala kwa Mama Mdogo

2 Septemba

Wifi yangu,

Pokea salamu zangu na za watoto. Huku chini sote wazima, ila cherehani ndiyo inakohoa. Wewe je, kifua kimepoa? Wageni wanakuacha upumue?

Sitazunguka. Juzi wapagazi walikuja kushonewa mikoba, wakakaa barazani wanapiga soga. Nikamsikia Mapengo akimwambia mwenzake kwamba safari hii tena kiongozi kalala kwa Mama Mdogo, wao kawatanguliza na wageni. Walipoona nimeacha kukanyaga cherehani wakahamia kwenye habari za mvua. Kitinda mimba wangu naye alikuwa hapo, masikio wazi. Baadaye akaniuliza, "Mama, kumbe tuna mama mdogo?"

Nikamwambia akanawe miguu.

Zamani kaka yako akiwapeleka watalii kijiji kwa kijiji, kuzunguka mlima hadi ziwani na kurudi, nilijua siku ya kumwekea maji ya kuoga. Siku hizi anachelewa, na akirudi anaoga kwanza, salamu baadaye. Nyumba yako ya wageni iko njiani, kila anayepita unamwona. Kama ana nyumba ya pili huko, niambie wewe. Nisiambiwe na wapagazi.

Wifi yako wa chini

9 Septemba

Wifi wa mimi,

Salamu zimefika, kifua kimepoa, lakini barua yako imenifanya nicheke mpaka kikaanza tena.

Mama Mdogo ni kilima! Lile jitu linalofuka moshi viongozi wanaliita Mama. Ubavuni pake kuna kengine kadogo, kalishapoa zamani, juu kana shimo kama bakuli. Ndiye Mama Mdogo huyo. Pana kibanda cha mawe, na ukitoka hapo unapanda mgongo wa majivu ndipo ufike kwangu. Mwambie mwanao mama yake mdogo hana miguu wala hajui kupika.

Lala usingizi.

Wifi yako wa juu

17 Septemba

Wifi yangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Nilicheka na mimi, nikamwambia na mtoto, akacheka. Kisha nikakaa nikafikiri.

Kilima sawa. Lakini kiongozi mzima anawaachaje wageni waende na wapagazi, yeye abaki kibandani peke yake? Na kilima hakishoni. Suruali yake ya safari imerudi na viraka viwili magotini, uzi mweusi mnene, si wangu. Nilipomuuliza alisema alijikwaa. Nikamuuliza nani kashona, akasema ana njaa.

Nani anaishi karibu na hicho kibanda, wifi? Nijibu hilo tu.

Wifi yako wa chini

30 Septemba

Wifi,

Ni mimi niliyemtilia viraka. Karibu na kibanda hakuishi mtu. Mengine muulize mumeo, jiko limenizidi leo.

Wifi yako

4 Oktoba

Wifi,

Barua yako ilichelewa, na ilipofika haikuwa hata na salamu. Basi na mimi sitakuuliza hali.

Wewe unatumia mkono wa kushoto. Foronya ulizonipa nikiolewa ninazo mpaka leo, na kushona kwako kote kunalalia upande huo. Viraka hivi vimeshonwa kama mtu anayeziba gunia. Mimi ni fundi, wifi. Kwenye mambo mengine ungenidanganya nikakubali, si kwenye sindano.

Najua ni kaka yako, damu yenu moja, mimi ni wa kuja tu. Mkunje huyo mtu kwenye jamvi umfiche vizuri, maana safari ijayo nakuja mwenyewe.

Mke wa kaka yako

22 Oktoba

Wifi yangu,

Nimerudi nyumbani, miguu yote malengelenge. Kaka yako nilimwambia naenda kumuuguza shangazi. Alipoondoka na wageni nikafuata nyuma pamoja na kina mama wanaopeleka mboga vijiji vya juu. Tukilala kijiji hiki, tunaamkia kile, harufu ya kiberiti imetujaa puani. Njia nzima nilikuwa namvalisha yule mwanamke. Mara gauni jekundu, mara lile la shingo wazi ambalo mimi kaka yako huniambia halinifai. Nilipofika Mama Mdogo, hata matusi nilikuwa nimeshayapanga.

Hapakuwa na mwanamke. Wageni walikuwa wameshakwenda na Mapengo. Nilijibanza nyuma ya jiwe nikamwona mume wangu peke yake kwenye ule mgongo, anapanda kwa magoti na mikono. Anasogea kidogo, majivu yanamrudisha. Akakaa, akayakanda magoti yake, akayatukana. Yule anayepita mtaani kwetu kifua mbele, wifi!

Niligeuza bila kujionyesha. Ningemkuta na mwanamke, ningemfukuza mwanamke. Sasa nifukuze nini?

Na wewe ulijua.

Wifi yako wa chini

1 Novemba

Wifi yangu mpenzi,

Pole kwa miguu, pole kwa yote. Nilijua. Viraka alishona mwenyewe, hapa jikoni kwangu, kwa uzi wa hema. Aliniapisha. Ofisi ya watalii wakijua watamtoa, na wewe ukijua utamwonea huruma, na huruma yako ndiyo anayoiogopa zaidi. Anawatanguliza watu wasimwone anavyotambaa. Mimi nimemsihi aache kabla ya mvua, maana ule mgongo ukilowa unaporomoka wote, na kwa magoti yale hatakimbia. Amenuna.

Sasa kuna jipya. Juzi kapita hapa, hakugusa chakula. Shangazi yako alikutana naye sokoni, mzima kabisa, hata mafua hana. Kaka akaniuliza, "Mke wangu alikuwa wapi siku zile?" Anasema una mtu.

Nikusafishe? Nimwambie ulimfuata?

Wifi yako wa juu

12 Novemba

Wifi yangu,

Natumaini kifua kinaendelea vizuri. Mimi mzima.

Usimwambie kitu.

Aliporudi hakuoga. Alivuta kigoda cha wateja, akakiweka mlangoni, akawa anamkagua kila mwanamume anayekuja kupimwa suruali. Wateja wawili wamenikimbia. Safari ya wiki hii wageni kamwachia Mapengo, kasema ana shughuli nyumbani. Shughuli yenyewe ni mimi.

Basi nimejishonea lile gauni la shingo wazi. Nikienda dukani napaka wanja, na kurudi narudi polepole. Akiniuliza nilikuwa wapi, namwambia, "Nilikuwa hapo tu." Anasema na safari ijayo haendi.

Inaniuma, wifi. Sijawahi kumpa sababu maishani mwangu. Jana alinitazama kama mtu asiyenijua, nikaingia ndani nikalia, kisha nikanawa uso na kupaka wanja upya. Lakini mvua imeanza tangu juzi, na mume wangu amekaa kwenye kigoda, ana hasira, na yuko hapa.

Wapagazi wakikuuliza habari zangu, sema hujui. Na ukiguna kidogo, utakuwa umenisaidia zaidi.

Wifi yako wa chini