Paka wa Jani la Tatu

Jumatano, alasiri. Mvua ya mawe imepita upande wa Kapkatet. Huku kwetu imetuachia baridi tu.

Kwako msomaji mpendwa, pokea salamu zangu za heshima. Niwie radhi kwa kunyamaza tangu Pasaka. Macho yangu yalikuwa yakitibiwa, na daktari alinikataza kutumia simu. Ningependa kurudi na habari za amani, lakini nimekasirika.

Nimekasirika kwa ajili ya paka.

Yuko ukutani mwa kituo chetu cha majani chai, pale wakulima wanapoleta majani kupimwa. Nilimchora mwenyewe nilipokuwa karani hapo, ili wachumaji wapya wajifunze kuchuma majani mawili na chipukizi. Amesimama kwa miguu miwili, kikapu mgongoni, aproni ya plastiki kiunoni.

Binti yangu aliwahi kunisomea jinsi paka mashuhuri wa katuni walivyozaliwa. Mmoja wa wale wa zamani alifanywa mweusi kwa kuwa kujaza wino ni kazi nyepesi kuliko kuchora mistari mingi. Mwingine, mchoraji wake alikulia shambani katikati ya paka wengi. Nilifarijika. Wangu naye ni mweusi kwa sababu rangi niliyopewa ilikuwa masalio ya mlango wa ghala.

Mkao wake, hata hivyo, ni wa marehemu mke wangu, Moraa. Nilimwomba asimame karibu na ukuta, ashike majani mkononi ili nimnakili. Mimi ni mtu wa kalamu. Sikuwahi kuchuma hata siku moja. Yeye alilijua hilo, akachuma makusudi majani matatu na chipukizi. Nikachora matatu. Alinyamaza mpaka rangi ilipokauka, ndipo akaketi chini kwa kicheko.

Nilitaka kufuta. Wachumaji walikataa. Tangu siku ile, mgeni akija kuchuma, humpeleka ukutani na kumwambia, "Umeona huyo? Usichume kama paka." Hakuna anayesahau.

Jana kamati ya kituo ilituita. Mwenyekiti, Bwana Kiprono, ambaye nilimfundisha shule ya Jumapili akiwa mdogo, alisimama.

"Mzee, hii paka imezeeka, na inachuma vibaya. Wageni wa kiwanda wanakuja Jumamosi. Tutapaka ukuta rangi nyeupe, tubandike ile paka ya kwa simu, inacheka."

"Hata karani amezeeka," akasema Mama Chebet, jirani yangu, kutoka nyuma, "na hakuna mtu amempaka rangi."

Watu walicheka. Mimi nilisema asante, nikaketi.

Hilo ndilo kosa langu, na ninalikiri. Wamisionari walitufundisha kwamba mtu mstaarabu habishani mbele ya watu. Miaka yote hii nimeutumia ustaarabu huo kufunika woga.

Nina picha tatu za Moraa. Katika zote amekauka kama nguzo ya ua, kwa kumwogopa mpiga picha. Ni yule paka pekee anayesimama kama yeye: nyonga upande mmoja, uso umegeuzwa, anazuia kicheko. Hicho ndicho wanachotaka kupaka nyeupe.

Leo, baada ya chai ya saa nne, nilikwenda kituoni na kopo la rangi ya kijani. Sikuomba ruhusa. Nilipanda juu ya benchi, nikalipaka upya jani la tatu na kulifanya kubwa kuliko lilivyokuwa. Mama Chebet alinishikia benchi.

"Ongeza la nne, karani, wajue umekasirika."

Sikuongeza. Matatu ndiyo kazi ya Moraa.

Kisha nimeiandikia kamati barua. Nimeomba radhi kwa kupaka bila kibali, kwa kuwakawiza waliokuwa kwenye foleni, na kwa matone niliyoacha sakafuni. Kwa jani lenyewe sikuomba radhi. Nimewaarifu kwamba kuanzia kesho hadi Jumamosi kiti changu kitakuwa mbele ya ukuta ule, na mwenye brashi atanikuta hapo. Wageni wakiuliza, nitawaeleza mimi.

Mama Chebet alijitolea kuipeleka. Nilimshukuru, nikakataa. Barua hiyo itapelekwa na mwandishi wake, kesho asubuhi, naye ataisoma kwa sauti, akiwa amesimama.