Mistari Tisa Iliyopungua

Lahore, 4 Novemba 1967

Dada Shamim,

Assalaam aleikum. Kifua chako kimepona, au bado unakohoa kama lori la mchanga? Mimi mzima, nimenenepa, na nimekuwa mtu mkubwa. Usicheke! Ulisema aliyefukuzwa darasa la sita hatashika kalamu maishani. Sasa Lahore nzima inasoma mwandiko wangu. Hapa gazetini kila ukurasa huandikwa kwanza kwa mkono, kwa kalamu ya mwanzi, ndipo mashine ichape. Na zile hadithi za Mirza Dilawar unazosoma mpaka chapati zinaungua, mnakili wake ni mimi.

Mzee ana riwaya mia na kumi. Anaandika nne kwa mpigo, na makala ya siasa kila siku, yote kwa wino wa zambarau. Harudii kusoma alichoandika. Mkewe humsomea mstari wa mwisho wa toleo lililotoka, naye anaendelea hapo hapo.

Sasa siri. Juzi Alhamisi kurasa zake zilikuja pungufu, mistari tisa. Mashine inangoja, mhariri anafoka. Nikajaza mwenyewe! Nimekutia wewe: mwanamke wa shali ya buluu, mume yuko Karachi, mke peke yake na mbuzi mwenye sikio lililokatika. Anasikia mlango unagongwa. Nafasi ikaishia hapo. Mzee atadhani ni maneno yake. Tafuta gazeti ujione, dada maarufu.

Mdogo wako mwenye kipaji,
Tufail

Kot Rahmat, 17 Novemba 1967

Mdogo wangu Tufail,

Waaleikum salaam. Kifua kimetulia. Mbuzi naye anakusalimu, na anauliza kama umeanza kuoga.

Mpumbavu wewe! Nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Lakini sehemu iliyofuata haikunichekesha. Kwa nini umemweleza mzee wa watu kwamba nafuta kioo cha marehemu mama kila Ijumaa? Na ngazi ya darini, kipago cha tatu, umejuaje kimevunjika? Kilivunjika juzi juzi tu, sijamwambia hata jirani.

Halafu huyo mzee wa koti jeusi, aliyegonga hadithini, akaomba maji, akaondoka bila kunywa. Jumanne alikuja, Tufail. Nikampa kikombe. Akakishika, akanitazama kama mtu anayenihesabu kope, akakirudisha kimejaa vile vile. Kama ni rafiki yako mmepanga kunitania, mwambie akome. Mbuzi tangu siku hiyo hapiti mlangoni.

Dada yako,
Shamim

Lahore, 22 Novemba 1967

Dada Shamim,

Salaam. Uko salama? Nijibu hilo kwanza, matusi baadaye.

Sikumweleza mtu yeyote lolote. Kuhusu ngazi hata mimi sikujua. Nilimfuata mhariri nikamwambia nataka kwenda kumwungamia Mirza Sahib ile mistari tisa. Akacheka. "Kijana, mistari gani? Si unaandika riwaya nzima wewe? Mzee amepooza tangu ile Alhamisi, hata kope haiinuki. Tumenyamaza tu wasomaji wasituhame. Endelea, una mkono mzuri."

Dada, mimi siandiki. Kila Alhamisi nakuta kurasa mezani kwangu, wino wa zambarau, mwandiko wa mzee.

Nilikwenda kwake. Amelala kama gogo. Mkewe anasema hajatoka kitandani. Lakini nyuma ya mlango limetundikwa koti jeusi, na kwenye pindo lina manyoya ya mbuzi.

Nimesoma kurasa zinazofuata kabla ya kuzinakili. Atakuja mara ya pili, atakaa kizingitini. Mara ya tatu utatoka naye, chapati ikiwa jikoni, na baada ya hapo hadithi haikutaji tena. Nimezichoma zote. Nimeandika zangu: mume amerudi kutoka Karachi, mlango umefungwa kwa komeo. Tafadhali, nenda kwa shangazi Sialkot leo hii. Usimfungulie.

Mdogo wako,
Tufail

Kot Rahmat, 30 Novemba 1967

Mpendwa ndugu yangu Tufail,

Natumaini waraka huu utakukuta katika afya njema, kama unavyoniacha mimi. Sikwenda Sialkot. Mgeni wetu ni mtu mpole, na amechoka sana. Anasema hawezi kupumzika akiacha riwaya katikati, na msomaji hasamehi mlango unaogongwa usifunguliwe. Anasema mlango uliujenga wewe, yeye ameupita tu.

Ameomba nimsindikize hadi njia panda. Chapati iko jikoni, nitarudi kuigeuza.

Shamim

Kot Rahmat, 4 Desemba 1967

Dada Shamim,

Salaam. Sijui niulizeje hali yako.

Barua yako ilinifikia jana, nikapanda basi la kwanza. Mlango uko wazi. Chapati imekuwa mkaa. Mbuzi yuko darini, sijui amepitaje kile kipago. Nimekuita mpaka njia panda, na watu wa huko wananiangalia kama nimerukwa na akili.

Mimi darasa la sita lilinishinda, lakini mwandiko naujua. Wewe huandika kwa penseli, na huwezi kumaliza ukurasa bila kunitukana. Barua ile haina tusi hata moja, na ni ya wino wa zambarau. Chini ya jina lako mzee ameacha nafasi. Nimepima kwa rula yangu ya kazini. Mistari tisa.

Nimekaa kizingitini na kalamu ya mwanzi. Nimeandika humo: Mwanamke wa shali ya buluu akakumbuka chapati, akageuka. Nikaandika mbuzi alilia. Nikaandika njia ilikuwa fupi kurudi kuliko kwenda. Naenda polepole, kama mwanafunzi. Nimefika mstari wa nane.

Barua hii naiacha jikoni, sina posta ya kuipeleka. Mstari wa tisa nimekuachia wewe, na penseli nimeichonga. Andika "mpumbavu" tu. Latosha.

Mdogo wako,
Tufail