Mistari ya Shaibu

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, umeme unakatikakatika. Ofisini hapa Raskazone niko peke yangu na seva, na seva ndiyo yenye maneno mengi: inavuma mchana kutwa.

Inadai Linux mpya, yaani mfumo unaoiendesha. Hii iliyopo imezeeka, hata masahihisho ya usalama hayaji tena. Njia ni mbili: niipandishe toleo, vitu vya zamani vibaki mahali pake, au nifute diski yote nianze upya. Vitabu nilivyojifundishia vinapenda kufuta. Ni usafi, vinasema.

Meneja kauliza leo, "Fundi, ipi haina maneno?"

"Kufuta, bosi."

"Basi futa."

Nikaitika. Kisha nikafungua faili la mipangilio ya barua pepe.

Seva hii aliiunda Shaibu, mkubwa wangu wa kazi, aliyenipokea hapa nikiwa sijui hata kuiwasha. Mistari inayoanza na alama ya reli kompyuta huiruka. Husomwa na binadamu tu. Shaibu kaijaza tele. "Hapa pasiguswe, we mjuaji." "Hii niliiweka nikiwa na njaa, msinihukumu." Na chini kabisa: "Ukikwama njoo uniulize. Usijifanye."

Miezi minane sijamwuliza kitu.

Mashamba ya mkonge ya kampuni yetu yalipouzwa, wenyewe wapya walitaka fundi mmoja, si wawili. Wakaniita, wakauliza kama seva naiweza peke yangu.

Nikasema naiweza.

Nusu ya mistari ile siielewi mpaka leo. Shaibu akarudi kwao Mwera, kwenye minazi. Siku ya kuondoka alinipa mkono: "Itunze, mdogo wangu." Sijui kama alijua nilichosema. Mkono aliushika kidogo zaidi ya kawaida.

Sasa naona kwa nini kufuta kunanipendeza. Nikipandisha toleo nitakwama kwenye mistari yake, na itabidi nimwendee. Nikifuta, hakuna wa kumwendea. Eti usafi.

Jioni nikamwambia meneja sifuti, na kesho sipo. Nakwenda Mwera kuuliza.

"Kuuliza nini? Si ulisema unaiweza?"

"Nilisema."

Nimelichapa faili zima, kurasa tisa, nikalitia kwenye mfuko wa nailoni lisilowe. Mahali nisipopaelewa nimepapigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Neno la kwanza nitakalomwambia, baada ya shikamoo, halimo humo.