Bolti za Bawa la Faustina

Mama Irene, kama umeishika ile ndege ya Irene, iache hapo hapo mezani. Usiguse bolti zake! Nisikilize kwanza.

Jana nilimwona Sebastiani, huyu fundi anayewafundisha wanetu ndege za kuchezea, anazikata bolti za bawa la Faustina kwa msumeno. Ni za plastiki, na bado anazikata hadi nusu ya unene! Kwa macho yangu. Nikasema huyu ana lake jambo, anataka mwanangu aaibike kwenye mashindano.

Asubuhi nikazitoa kimya kimya, nikaweka za chuma, za baiskeli ya baba yake. Nikazikaza kweli kweli.

Sasa hivi hapa mashindanoni Makanya upepo umeisukuma ndege yake, bawa likagonga mlingoti wa mkonge. Mama Irene, ndege imepasuka katikati!

Sebastiani kaokota bawa, akauliza, "Nani kaweka chuma? Nilizikata ili ikigonga zikatike zenyewe, bawa lichomoke, ndege ipone."

Ipone! Nani anafunga kitu ili kikatike? Mimi ningejuaje?

Faustina analia, anamwambia, "Ni wewe tu uliyezishika, fundi." Wazazi wameshaanza kusema asifundishe tena. Na fundi ananitazama mimi tu. Kwa nini mimi? Kaona grisi ya baiskeli mkononi mwangu?

Bolti zake za plastiki ninazo hapa, nimezifunga kwenye pindo la kanga.

Anakuja huku na Faustina. Mama Irene, nafungua pindo.