Grupu Iitwayo Makao ya Kanana

Jumatatu, 3 Machi

Nimefuma sweta tatu leo kwa mashine, zote za shule. Uzi wa maruni umebaki kidogo. Mvua hakuna bado. Hapa Kanyakine vumbi tupu.

Jioni nikamsomea Mama meseji zake kama kawaida. Macho yake hayashiki maandishi madogo, na simu aliyonunuliwa ina maandishi madogo. Kwa hiyo mimi nasoma, yeye anasema cha kujibu, mimi naandika. Leo kulikuwa na grupu mpya. Jina lake Makao ya Kanana. Kanana ni mimi.

Nilisoma kwa sauti kabla akili haijafika. Ndugu yangu Mwenda ameandika: "Family, nimefungua hii group tu-discuss mahali Kanana ataishi. Mama amechoka. Please, ya hapa yabaki hapa. Kanana asijue kwanza, tusim-stress."

Watu kumi na watatu. Mwenda na mkewe, shangazi Karimi, mchungaji, Mama, binamu ambao sijawaona tangu ajali, hata jirani wa zamani aliyehamia Timau. Mimi simo. Mwenda ana digrii na kazi ya ofisi Embu, na hakukumbuka ni nani humsomea mama yake simu.

Mama alikuwa anasukuma kuni jikoni. Hakugeuka. Nikamuuliza nijibu nini.

"Andika asante."

Nikaandika asante.

Jumanne, 4 Machi

Hasira. Mkono mmoja wa sweta umetoka mrefu kuliko mwenzake. Nimefumua.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu Mwenda alipata D ya Kiswahili. Akikiona kitabu hiki atachoka ukurasa wa kwanza.

Alhamisi, 6 Machi

Mama amechoka kweli, hilo sikatai. Miaka kumi na saba ananiinua kitandani asubuhi na kunirudisha jioni, tangu lori lililotubeba sisi wafanyakazi wa shamba la maua lipinduke Timau na mgongo wangu kuvunjika. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na chumba changu cha kupanga huko kwenye baridi ya Timau. Sasa mgongo unaouma ni wake. Mwezi uliopita aliniinua akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Tukaishia sakafuni sote wawili, tukakaa hapo mpaka anayeleta maziwa akapita. Najua lazima nihame. Nilijua kabla yao. Ningewaambia kama wangeniuliza.

Jioni nikasoma tena. Shangazi Karimi: "Huyo mtoto apelekwe mahali atakula na kulala bila shida." Huyo mtoto ana miaka thelathini na tisa. Mchungaji ameweka mikono ya maombi, sita. Mwenda amepata nyumba ya watu wenye ulemavu huko Embu, pasafi, wana nafasi moja. Vidole gumba kumi na kimoja. Nilimsomea Mama kimoja kimoja: gumba, gumba, gumba.

Hakuna aliyeuliza kama kuna mahali pengine. Kuna. Rafiki yangu Makena, anayetembea kwa magongo na kushona nguo karibu na soko la Gakoromone, amepanga vyumba viwili Meru na kimoja ni kitupu. Kuna mwanamke anayekuja kumsaidia asubuhi na jioni. Makena ameniambia mara nne nije tukae pamoja. Lakini Makena naye hayumo kwenye grupu.

Jumatano, 12 Machi

Embu. Mwenda alikuja na gari akasema twende tukatembee. Kutembea. Nikasema sawa, nikavaa sweta ya buluu niliyojifumia. Nilitaka kuona kwa macho yangu.

Niseme ukweli, ni pasafi. Njia zote za saruji, hakuna ngazi hata moja. Na choo. Choo kina vyuma vya kushikia ukutani, pande zote mbili. Nilivishika, nikajivuta, nikakaa. Peke yangu. Kumbe mikono hii ya kufuma ina nguvu. Miaka kumi na saba sijaenda choo bila mtu kunishika kwapani. Nilikaa humo muda mrefu kuliko haja yenyewe. Nikawaza, basi, nikubali tu, kwa ajili ya choo hiki.

Mlango ukafunguka. Matroni. Hakubisha.

"Huyu ako sawa?" Hakuniuliza mimi. Alimuuliza Mwenda, aliyekuwa nyuma yake kwenye korido. Nami nimekaa pale, sketi imepanda. Mwenda aligeuza uso haraka. Mlango hauna komeo. Hakuna mlango wenye komeo nyumba nzima, ni sheria yao, eti ya usalama.

Maswali yote aliulizwa Mwenda. Anakula nini. Ana dawa. Ana hasira? Mwenda akasema sina.

Kulala ni saa kumi na mbili jioni, kwa sababu wasaidizi wa mchana hutoka saa hiyo. Simu hukaa ofisini hadi Jumapili. Mashine ya kufuma hapana, ina sindano. Nguo hufuliwa pamoja na kugawiwa kwa saizi. Mama mmoja aliyekuwa mwalimu alikuwa amevaa sweta ya mwanamume, vifungo vimefungwa kombo. Alishika ukingo wa sweta yangu akaupapasa.

"Hii usikuje nayo," akaniambia. "Ijumaa itakuwa kwa mtu mwingine."

Kwenye gari Mwenda akasema, "Si umeona vile ni poa? Na ile toilet umependa." Tukafika Chuka. Huko nikaomba maji.

Alhamisi, 13 Machi

Ng'ombe wetu hulala saa moja. Mimi nitalala kumi na mbili.

Jumapili, 16 Machi

Mwenda ameomba kila mtu aseme ndiyo au hapana kabla ya kesho, maana nafasi itachukuliwa. Nilimsomea Mama ndiyo zote. Kumi na mbili. Imebaki yake.

Alikaa akisugua goti.

"Andika nakubali."

Hakuniangalia. Nilishika simu. Ningeweza kuandika nakataa, na angejuaje? Nilitaka. Lakini kumwandikia mtu mzima neno ambalo hajalisema, hicho ndicho hasa wanachonifanyia. Nikaandika Nakubali. Nikamsomea. Nikatuma.

Kisha nikaandika lingine chini yake: "Hilo ni neno la Mama. Hili ni la Kanana. Mimi ndiye humsomea Mama simu, nimewasoma wote tangu siku ya kwanza. Embu siendi. Nahamia Meru, kwa Makena. Mwenye swali aniulize mimi."

Nikamsomea hilo pia kabla ya kutuma, maana simu ni yake. Alifunga macho. Nilidhani ataninyang'anya.

"Tuma," akasema.

Jumatatu, 17 Machi

Grupu kimya. Mchungaji amejitoa. Shangazi Karimi ameandika "Woi" na hakuongeza.

Mwenda alipiga simu asubuhi, amewaka. Eti nimewapeleleza. Mimi. Nikamwambia aombe msamaha au akate. Hakufanya lolote kati ya hayo. Akauliza, "Na ukianguka?"

Nitaanguka. Nimeanguka hapa mara ngapi, na hakuna aliyefungua grupu. Nilimwambia hivyo. Akakata.

Nilidhani hasira yangu itaishia kwa Mwenda. Mchana nikamuuliza Mama kwa nini alikubali. Tulizungumza Kimeru, polepole. Alisema kila asubuhi akifungua macho jambo la kwanza ni hofu. Kwamba siku atakapokosa kuamka, mimi nitakuwa chumba cha pili nikiita, na hakuna atakayekuja. Embu daima kuna mtu. Hayo tu ndiyo aliyoyataka, mtu awe pale.

Nilimkasirikia mpaka usiku.

Jumamosi, 22 Machi

Meru. Mama alisisitiza kuja. Mwenda ndiye aliyeendesha.

Si peponi. Korido ni nyembamba, kiti changu cha magurudumu kinakwaruza ukuta pande zote. Maji ni siku tatu kwa wiki. Choo kina kizingiti. Mwenda alikitazama kizingiti, kisha akanitazama mimi. Nilijua anachowaza na nikajifanya sioni.

Mwenye nyumba ni mzee Abdi, ana duka la vitambaa sokoni. Nilingoja amuulize Mwenda kama nina hasira. Akaniuliza mimi kama mashine yangu inapiga kelele. Nikamwambia ukweli, inapiga. Akasema nifume mpaka saa tatu, baada ya hapo anasikiliza taarifa ya habari na hataki kusumbuliwa. Nikakubali. Nikamwambia nami nataka kizingiti kivunjwe, vyuma viwekwe ukutani, na komeo kwa ndani. Alikuna ndevu, akasema kizingiti kitavunjwa, vyuma na komeo tulete fundi wetu.

Tukamwita fundi saa ile ile, nikamwonyesha kwa mkono urefu ninaoutaka. Mwenda ndiye aliyeshika futi ya kupimia. Hakusema pole, na mimi sijamsamehe, lakini alipima mara mbili na kuandika kwenye kiganja.

Mama alimchukua kando yule msaidizi wa Makena, jina lake Nkatha, akamwonyesha jinsi ya kuniinua. Mkono mmoja chini ya magoti. Usivute, geuza. Akamfanya arudie. Nilikuwa nikiinuliwa na kushushwa kama gunia la viazi mbele ya watu, na kwa mara ya kwanza mwezi huu sikukasirika. Nkatha alipofanya sawasawa mara ya tatu, Mama akaenda kukaa peke yake nje.

Jumanne, 1 Aprili

Nafasi ya Embu imepewa mtu mwingine. Mwenda ameandika kwenye grupu: "Basi. Msiseme sikujaribu." Nimemsomea Mama. Nimemfikiria huyo aliyepewa. Sijui kama aliulizwa.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimehama. Mashine, mifuko sita ya uzi, nguo, kitanda. Mama hakuja, alisema ni mgongo. Alinifunga leso begani akaifungua akaifunga tena. Nilikaza uso mpaka Nkubu. Baada ya Nkubu nililia, na Mwenda akafungua redio, jambo jema kabisa alilonifanyia mwaka huu.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua kubwa. Nkatha alipaswa kufika saa kumi na mbili asubuhi. Amefika saa tatu na nusu, matope mpaka magotini, daraja la kwao limejaa maji. Nililala nimelowa nikitazama dari. Nilimtukana Nkatha kimoyomoyo, kisha Mwenda, kwa sababu hili ndilo alilolisema. Niliogopa pia. Makena hawezi kuniinua. Alileta chai akakaa ukingoni mwa kitanda changu, na hakuniambia nivumilie.

Nkatha alipokwisha kuniosha nilimwambia wazi nilivyojisikia. Naye akaniambia wazi kuhusu daraja. Tumekubaliana: mvua ikinyesha usiku, apige simu saa kumi na moja na nusu, na Makena amwite mama jirani wa mlango unaofuata. Nimezungumza na huyo mama mwenyewe. Ana mikono minene. Amesema sawa.

Mwenda ameniandikia: "Umeamkaje?" Nimemjibu nimechelewa kuamka. Ni kweli.

Mvua ilipopungua Nkatha akachukua kikapu, akauliza tule nini mchana. Nikasema chochote.

"Chochote haiuzwi Gakoromone," akasema.

Nikafikiri. Kwa Mama nilikula kilichopikwa, na nilishukuru, na hakuna siku nilijiuliza. Timau nilikuwa na vyakula nilivyovipenda, lakini huyo alikuwa msichana mwingine. Sasa nina miaka thelathini na tisa na sijui mdomo wangu unapenda nini. Ilinichoma kuliko yote ya asubuhi. Nkatha alisimama mlangoni, kikapu mkononi, akingoja. Hakunitajia vyakula. Hakumuuliza Makena.

Mwishowe nikasema wali na ndengu, na pilipili iwe kando. Akafungua mwavuli akaenda sokoni.