Siku Waliponipaka Mafuta Sikusikia Kitu

Kijiji cha Kabazana,
Kambi ya Nakivale,
Isingiro, Uganda.
Tarehe 19 Juni 2011

Mpendwa Yaya Umwiza,

Nakusalimu katika jina la Yesu, wewe na shemeji Semahoro pamoja na watoto. Mnaamkaje huko ng'ambo kwenye baridi? Lile goti lako lililokuwa linakusumbua limepoa? Sisi huku tunapumua. Mume wangu Natanaeli anachunga ng'ombe wa watu upande wa Kabingo, hurudi nyumbani kila Jumamosi. Mvua ya mwezi wa nne ilikuwa ndogo na maharagwe yalitoka machache, lakini mihogo ipo, hatujalala njaa.

Najua umeingoja barua hii. Uliponiambia kwenye simu kwamba mmesikia nimepakwa mafuta kuwa shemasi, na kwamba mliimba huko kanisani kwenu kwa furaha, nilinyamaza ukadhani laini imekatika. Haikukatika. Wewe ni dada yangu mkubwa, ndiwe uliyenilea, sitaki nikudanganye. Ndiyo maana naandika.

Unajua tangu mtoto wangu Ikirezi atutoke sijalia. Hata siku ya kumzika sikulia, watu wakasema ni imani. Mwezi wa tatu ametimiza miaka mitatu kaburini na mimi bado ni vile vile. Nalima, napika, naimba kanisani, wenzangu wakicheka nami nafungua mdomo. Ni kama mtu aliyekalia mguu wake mpaka ukafa ganzi. Anaugusa, anaona ni wake, basi.

Mwaka jana mwezi wa kumi Pasta Anselme alikuja akasema wazee wa kanisa wamenitaja niwe shemasi. Nilimwambia sifai. Natanaeli akasema si vizuri kuikataa kazi ya Mungu. Nikakubali, kwa sababu kukubali kulikuwa na maneno machache kuliko kukataa.

Mwezi wa kwanza tukapelekwa Mbarara, kwenye kanisa moja la Nyamityobora, kufundishwa kwa majuma manne. Tulikuwa watu kumi na mmoja, tunalala humo humo kanisani juu ya mikeka. Mwalimu wetu alikuwa mjane anayeitwa Mama Eliane. Alitufundisha namna ya kuingia kwa mgonjwa, kwamba ukae fasi anayoweza kukuona bila kugeuza shingo. Alitufundisha kumwosha mtu asiyeweza kuamka, na kuosha maiti. Alitukataza kumwambia mfiwa kwamba ni mapenzi ya Mungu kabla hajasema mwenyewe. Niliandika yote, nikajaza madaftari mawili. Mama Eliane alinisifu kwamba siogopi vidonda. Kweli, sikuwa naogopa.

Jumapili ya mwisho wakaja wachungaji kutoka Biharwe kutuwekea mikono. Mafuta ya zeituni hayakupatikana, wakaombea ya alizeti. Tulipiga magoti. Mama mmoja karibu yangu alitetemeka mpaka wakamshika asianguke, kijana mwingine alilia kwa sauti akimshukuru Mungu. Wakafika kwangu. Mafuta yalishuka mpaka kwenye nyusi, nikawaza nitajifuta na nini kitambaa changu kisichafuke. Nikangoja. Nilingoja kweli, Yaya, kwa sababu nilikuwa nimejiambia kwamba kama kuna siku nitasikia kitu, ni hiyo. Wakapita kwa mwingine.

Ile picha waliyokutumia ni ya siku hiyo. Ninacheka kwa sababu mpiga picha alituambia tucheke.

Niliporudi kambini nilimwendea Pasta Anselme. Alikuwa anapigilia misumari kwenye benchi la kanisa. Nikamwambia, "Pasta, mnitoe kwenye ile kazi. Mafuta yalinipita."

Hakuacha kazi yake. Aliniuliza, "Walikufundisha kumwosha mtu asiyeweza kuamka?"

"Ndiyo."

"Ulielewa?"

"Nilielewa."

"Basi siku ikifika nitakuita." Akachukua msumari mwingine.

Nilirudi nyumbani kupalilia. Miezi mitatu hakuniita, nami sikumkumbusha.

Mwezi wa tano ndipo alipotuma mtu. Kuna mama anaitwa Constance, alifika kambini mwaka huu huu akitokea upande wa Uvira, bila mume. Ni wa kabila lile ambalo sisi na wao hatukuachana vizuri huko nyumbani wakati wa vita. Wewe unaelewa. Mtoto wake Joël, mwenye miaka miwili, alishikwa na homa akapelekwa hospitali Mbarara, akafia huko. Constance alikataa mtoto azikwe. Alikaa barazani karibu na chumba cha maiti, hali, haongei, na kila aliyemwambia wamtoe mtoto alimfukuza. Kanisa lilituma waombaji wawili wenye nguvu, wakaomba na kulia naye, akawatupia viatu. Nilimwuliza Pasta kwa nini ananituma mimi, ambaye hata kabila langu atalichukia. Akasema waliobaki wote wameogopa.

Nikapanda gari la maziwa mpaka Mbarara. Nesi mmoja, Mnyankole wa huko huko, alinipokea akiwa amechoka. "Wewe mama, ongea na huyu," alisema. "Sasa ni siku tatu. Hakuna kukula, hakuna kulala."

Nilimkuta amekaa sakafuni, kanga ya mtoto imo mikononi. Nikakaa fasi anayoweza kuniona bila kugeuza shingo. Sikuomba kwa sauti. Sikuwa na machozi ya kumpa. Tulikaa hivyo kutoka asubuhi mpaka jua lilipogeuka. Watu walipita. Nilinunua chai, nikaweka kikombe kati yetu, ikapoa.

Baadaye akanitazama. "Weye haulii?" aliniuliza. "Benzako balilia mingi."

Nikamwambia, "Mimi silii. Wangu alikufa miaka mitatu iliyopita na sijalia."

Nilidhani atanifukuza kwa hilo. Aliangalia miguu yangu, kisha akasema, "Basi kaa."

Tukakaa tena. Ndipo akauliza, polepole, "Wako uliosha weye mwenyewe?"

"Nilimwosha mwenyewe."

"Ulianzia wapi?"

Yaya, swali hilo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Wala wewe, wala Natanaeli. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba nilianza na miguu, kwa sababu ilikuwa na udongo wa kule alikokuwa anacheza kabla homa haijampata, na uso sikuwa na nguvu ya kuufunua. Kwamba maji niliyapasha moto nikijua hayana kazi, kwa sababu hakupenda maji baridi. Kwamba katikati ya vidole udongo uligoma kutoka, nikautoa na kona ya kanga, kidole kwa kidole. Kisha mikono. Kisha uso, mwisho. Nilisema yote kwa sauti ile ile ninayokuandikia, kama mtu anayeeleza namna ya kupika ugali.

Constance alisikiliza mpaka mwisho. Akachukua chai iliyopoa, akanywa nusu. Akasema, "Tuombe maji ya moto."

Nesi alituletea beseni. Tulimwosha Joël sisi wawili. Yeye alianza na miguu, mimi nilishika kichwa. Alipofika usoni aliniambia nimalizie, nikamalizia. Hapo ndipo alipolia, kilio ambacho watu wa wodi ya pili walisimama kukisikiliza. Nilimshika asianguke juu ya beseni. Mimi sikulia. Nilitazama kama nitalia, sikulia.

Kesho yake pickup ya kanisa ilituleta Nakivale, tukamzika kabla ya saa sita. Watu wa kabila lake walikuja, na wa kwetu wachache. Walisimama mbalimbali, lakini walisimama. Constance aliomba nisimame upande wake.

Jumamosi Natanaeli aliporudi nilimweleza yote, na nilipofika kwenye miguu ya Ikirezi akaweka sahani chini. Hakuwa anajua. Siku ile wanaume walikuwa nje, na hakuna aliyemwambia kilichofanyika ndani. Alitoka akaenda kulia nyuma ya nyumba. Nilimfuata, nikaweka mkono mgongoni mwake mpaka alipomaliza. Tangu siku hiyo analitaja jina la mtoto. Alikuwa ameacha.

Pasta Anselme hakuniuliza habari ya mafuta tena. Wiki iliyopita mzee Appolinaire, jirani yetu wa juu, alifiwa na mkewe. Wanawe walikwenda kwa Pasta kuomba mtumishi, akawauliza wanamtaka yupi. Wakamwambia wanamtaka yule mama asiyesema mingi. Nikafunga kitambaa, nikaenda.

Hiyo ndiyo habari yangu, Yaya. Sasa nakuomba neno moja. Huko kanisani kwenu msiendelee kushuhudia kwamba mdogo wako alishukiwa na moto. Haukunishukia, na sitaki watu wamshukuru Mungu kwa jambo ambalo halikutokea. Waambie nilifundishwa, nikatumwa, nikaenda. Kama Mungu ana neno lingine nami, anajua ninapokaa.

Nisalimie shemeji Semahoro, na mwambie mke wa mwanao Ishema nimefurahi kusikia ana mimba. Umsalimie pia Mama Marthe, kama bado mnasali pamoja. Natanaeli anakusalimu sana. Constance hakujui, lakini yuko hapa mlangoni anachambua maharagwe, na aliposikia naandika kwa dada yangu akasema nisikuache bila salamu zake.

Mungu aliyewavusha maji yote hayo awafunike usingizini na kazini, na watoto wenu wawazike ninyi, wala si ninyi kuwazika wao.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata ninaponyamaza,

Mukashema